Nne Juu ya Kumi

Umeme ulikatika saa sita kamili, na duka la fotokopi pale Butembo, lililojaa wanafunzi mpaka mlangoni, likageuka soko. Virginie, sketi ya kitenge cha kijani na uso umekunjamana, alikuwa akitafuta karatasi zake za kontrapunti. Huo ndio ufundi aliousomea chuoni mwaka wa pili: kuandika sauti mbili zinazoimba pamoja, kila moja ikishika njia yake. Ghafla akasikia mtu akiimba zoezi lake, polepole, bila kukosea.

"Ile karatasi iko yangu!"

"Najua. Huu ni mwandiko wa mwanamuke wa kisirani," akajibu kijana mrefu, koti limejaa vumbi la barabara. "Mi ni Phinées. Naongoza korali kule Beni, mutaa wa Ruwenzori. Uimbe ya juu, mi nibakie ya chini."

Wakaimba. Watu wakacheka, na Virginie, aliyejiona hababaiki na wanaume, akababaika.

Beni na Butembo si mbali, lakini barabara ile watu huipita wakisali, kwa hofu ya waasi wa msituni. Basi wakapendana kwa simu. Kila Jumapili Phinées alituma picha ya wimbo aliobuni, naye Virginie akaurudisha umejaa wino mwekundu, na alama juu.

"Sita juu ya kumi, chérie? Ukikuwa bibi yangu, utaniongezea?"

"Nitapunguza hata ile!"

Kisha Jumatano moja, siku isiyo yao, picha ikaingia. "Uniwekee sauti ya pili mbele ya kesho asubui, mupenzi. Tafazali." Virginie alikuwa na mtihani kesho yake. Profesa wao aliwakataza kabisa kuweka sauti ya pili juu ya wimbo wenye kasoro, na huu kasoro yake ilionekana wazi: katikati ulipaa ghafla, mruko mkubwa mno, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya shamba. Akauzungushia wino. Akaandika: nne juu ya kumi, rudilia, muvivu wangu. Akatuma, akazima simu.

Alipoiwasha baada ya mtihani, alikuta Phinées amempigia mara saba. Akapiga, kimya. Wiki mbili kimya. Akamtukana moyoni, akamzulia mwanamke mwingine, tena mrembo kumshinda yeye. Mwishowe akampigia Ananie, mwimbaji wa korali ile.

"Dada, haujue? Waasi balimuua dada ya Phinées, Élysée, ku shamba, njia ya Mutwanga. Ile wimbo ilikuwa yake, njo alikuwa anaimba akilima. Tulisimama ile Alhamisi pa kaburi, tukangoya sauti ya pili. Kisha tukamuzika kimya."

Virginie aliketi sakafuni akalia, na aibu ilimuuma kuliko huzuni. Kesho yake akapanda taksi ya Beni bila kumwambia mama yake.

Phinées alimpeleka makaburini bila kumshika mkono. Alikuwa amekonda, shati jeusi linamning'inia.

"Juu ya nini haukuniambia, chéri?"

"Nilishindwa kuandika kama amekufa. Nikasema, Virginie akiona wimbo ataelewa. Nilikuomba sauti, ukanipa pointi."

"Unisamehe."

"Nilisha kukusamehe."

Virginie akatoa karatasi aliyoiandika njiani, akaimba sauti ya pili. Pale wimbo wa Élysée ulipopaa, sauti hii ilibaki chini ikisubiri. Alitumaini Phinées angeingia na ile ya kwanza. Hakuingia, naye akaimba peke yake mpaka mwisho.

"Ni muzuri," Phinées akasema. "Njo vile nilitaka."

"Basi tuiimbe ku misa ya matanga."

"Hapana. Nakupenda, Virginie, usiwaze ingine. Lakini nikisikia sauti yako, nasikia ile kimya ya Alhamisi. Urudie Butembo, umalize masomo. Hapana kuningojea."

Pale stendi, taksi ya Butembo ilikuwa imebakiza nafasi moja tu. Virginie akaingia, akanyoosha mkono kupokea begi lake. Phinées alilishika kwa mikono miwili, akitazama chini, mpaka dereva akafoka mara ya pili. Ndipo akampa.