Mkono Alioukataa Yak

Kasoro ilianza kwa harufu. Kakuma ilikuwa kavu, laga ya Tarach, ule mto wa msimu, ni mchanga mtupu, lakini gitaa la besi la kanisa lilinuka tope bichi. Yak aliinusa harufu ile, akaipuuza. Alikuwa na lake moyoni.

Lake lilikuwa Bol. Miaka yote Yak ndiye aliyeipigia kwaya besi, sauti moja moja, na hakuna aliyelalamika. Kisha akaja Magloire, Mkongomani wa vidole virefu, akaanza kufundisha akordi: kupiga nyuzi mbili au tatu kwa pigo moja. Kwa Yak ziligoma. Bol, rafiki yake tangu safari ya kutoka Sudan Kusini, alizishika upesi ajabu. Na kwaya imealikwa Lodwar, mpiga besi anayetakiwa ni mmoja.

"Yak, ndugu, usikamate kule kwa kichwa ya gitaa," Magloire alimwambia. "Kule sauti nene zinagombana. Shuka huku karibu na tumbo. Kidole gumba kwa uzi munene, vingine kwa myembamba. Angalia Bol."

Angalia Bol! Wivu ulimwaka Yak.

Wanamuziki wa kanisa lile hawagusi chombo kabla ya kushikana mikono na kuomba. Yak husimama ubavuni kwa Bol. Siku iliyofuata hakuutaka mkono wa Bol hata kuuona, basi akaja peke yake mchana, mabati yakialika kwa joto, akalitoa gitaa bila amina.

"Nipate mkono kama wa yule," alinong'ona. "Wa yeyote, hata wa nani."

Akabonyeza nyuzi mbili. Zikatoka sauti tatu.

Alidhani ni spika. Akachomoa waya, akapiga tena, akaona uzi mnene umedidimia shingoni mwa gitaa pasipo kidole juu yake, na baridi ikamwingia kiganjani ikipanda hadi kwapani, na ladha ya tope ikamjaa kinywani, na akordi zikaanza kumiminika, tamu, tamu kuliko za Bol, naye akataka kutupa gitaa akimbie lakini hakukimbia, kwa sababu zilikuwa tamu.

Jumapili alichelewa sala ya kushikana mikono makusudi, akapiga, na Magloire akamsifu mbele ya wote. Bol alimpigia makofi kwa moyo mweupe. Safari ya Lodwar ikawa yake.

Nyumbani, mkewe Adau alimkaribia ampe mtoto, akaruka akipiga yowe. Alama nyekundu za vidole zilikuwa zimechorwa mkononi mwa Adau.

"Nani ameshika mimi?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mkono yako iko kwa mfuko. Yak, huyu ni nani?"

Kumbe jini aliyeuingia mkono wa Yak naye ana wivu. Hakutaka mwingine amguse Yak.

"Kama hii kitu haitoki," Adau alisema, "mimi na mtoto tunaenda."

Yak alikimbilia kanisani kwa Mchungaji Bilha, Adau nyuma yake, akaeleza yote. "Umekataa mkono wa ndugu yako, ukaacha nafasi," mchungaji alisema. "Mwite Bol."

Bol alikuja mbio, wala hakuuliza swali. Alinyoosha mkono, Yak akaushika, Bilha akamkemea jini, na spika iliyochomolewa waya ikanguruma, vumbi likaruka sakafuni, baridi ikashuka kutoka kwapani, ikapita kiwiko, ikapita kiganja, ikatoka. Kimya. Adau alimgusa mumewe kwa woga, kisha akamshika kwa nguvu, akilia.

"Haleluya!" Bilha alipaza sauti. "Bol, tupigie ya shukrani."

Bol alikuwa akisugua kiganja chake kwenye suruali, kama mtu aliyeshika barafu. Akalichukua gitaa. Akordi ya kwanza ikajaa kanisa, nzuri kupita zote alizowahi kupiga, na Bilha na Adau wakafumba macho.

Yak alielewa baridi ile ilikohamia. Alipaswa kupiga kelele. Mkono wa mkewe ulikuwa katika wake, una joto, salama, na rafiki yake alikuwa anaangamia mbele ya macho yake.

"Mbona yeye tena?" aliwaza kwa wivu, akanyamaza.