Mume Wangu Aliondoka na Nyumba, Mimi Nikiwa Chooni

Nilipotoka chooni, nyumba yangu haikuwepo.

Naomba msicheke kwanza. Nisomeni mpaka mwisho, ndiyo mcheke.

Nyumba yangu ina magurudumu manne. Ni kibasi cha zamani, tumeng'oa viti tukaweka kitanda nyuma, jiko dogo la gesi, ndoo mbili za maji na pazia la kututenganisha na usukani. Ndimo tulimokuwa tunaishi, mimi na mume wangu, mwezi wa kumi na moja ule, tukifuata barabara ya pwani taratibu kama watu wasio na pa kwenda.

Na siku hiyo, saa nane mchana, kibasi kiliondoka bila mimi.

Nilisimama kwenye kituo cha mafuta nikiwa na kandambili, gauni la kushindia, nusu roli ya karatasi ya chooni, na ufunguo wa choo uliofungwa kwenye kipande cha ubao ili watu wasiuibe. Simu yangu iko kitandani inachaji. Kitanda kiko kwenye gari. Gari... halipo.

Nikamfuata dada anayejaza mafuta.

"Mwanangu, kuna kibasi cheupe kilikuwa hapa."

"Kimeondoka, mama."

"Kimeondoka saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Mzee alilipa, akapanda, akatia gia."

"Hakuniulizia?"

Akanitazama kandambili, akatazama roli, akaelewa. Akavuta kiti cha plastiki akanipa.

"Kaa, mama. Wangu aliondoka na televisheni tu. Wako kaenda na nyumba nzima."

Nikakaa. Ningefanya nini?

Sasa ngoja niwaeleze, maana najua mmeshaanza kuuliza mlikosana nini.

Mimi ni mkunga mstaafu. Miaka thelathini na minne nimezalisha watu, zamu za usiku, miguu imevimba, mgongo ndiyo usiseme. Mume wangu alikuwa dereva wa basi la masafa marefu, miaka thelathini na mmoja. Mimi namwita Dereva, yeye ananiita Sista, kama wagonjwa wangu walivyoniita. Watoto wetu wakikua walidhani hayo ndiyo majina yetu.

Tulipostaafu tukapangisha nyumba yetu, tukanunua kibasi, tukaondoka. Kila mtu alitusifia. Mmetuonyesha wazee wanavyotakiwa kuishi! Majirani, wafanyakazi wenzangu, hata daktari wa presha.

Wapendwa, mwezi wa kwanza ulikuwa mtamu. Siwadanganyi.

Mwezi wa tano nilikuwa na mchanga kwenye shuka, mchanga kwenye chumvi, mchanga kwenye vidonge vya presha vya Dereva. Nguo hazikauki vizuri, zina unyevu wa chumvi. Kila jioni tunaanza kutafuta pa kuegesha, kila asubuhi mtu anatugongea anasema hapa haparuhusiwi. Nikitaka kugeuka kitandani lazima Dereva naye ageuke.

Lakini nilikuwa namtazama nasema moyoni, huyu mwanaume maisha yake ni barabara. Nikimkalisha nyumbani atakufa. Basi nikameza.

Asubuhi ya siku hiyo ndipo mdomo uliponiponyoka. Nilikuwa naosha vikombe viwili kwa maji ya kikombe kimoja, nikasema, "Nimechoka."

Akauliza, "Umechoka na nini?"

"Nimechoka tu."

Nikanyamaza. Na mimi nikinyamaza, nanyamaza kweli. Mpaka mchana hatujasemeshana. Nikalala nyuma, nikavuta pazia, yeye akaendesha. Aliposimama kujaza mafuta, wakati analipa, nikashuka kwa mlango wa ubavuni kwenda chooni, sikumuaga.

Niliporudi, ndiyo hivyo.

Dada wa mafuta akanipa simu yake. "Mpigie, mama."

Hapo ndipo aibu iliponishika vizuri. Namba ya mume wangu siijui kwa kichwa. Miaka thelathini na nane ya ndoa, namba yake kwangu ni neno "Dereva" kwenye simu. Namba pekee niliyoikariri ni ya binti yangu mkubwa.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Ni mama yako. Baba yako ameniacha."

"Amekuacha vipi?"

"Ameniacha kituo cha mafuta, ameondoka na gari."

Nikasikia mlango ukifungwa kwake.

"Mwanangu, uko hapo?"

"Mama... sikutaka kukwambia. Baba alinipigia wiki iliyopita."

"Akasemaje?"

"Aliuliza kama hapa kwangu naweza kupata nafasi ya mtu mmoja."

"Mtu mmoja nani?"

"Nilimuuliza, akasema tutaongea, akakata."

Jamani. Mtu mmoja. Kwa hiyo alishapanga. Mimi nikabidhiwe kwa binti kama mzigo uliofika kituo cha mwisho, yeye aendelee na safari yake kwa raha zake.

"Mpigie sasa hivi," nikamwambia. "Halafu nipigie kwa namba hii."

Dakika tano, simu ikaita.

"Mama, inaita tu, hapokei."

Nikamrudishia dada simu yake. Nilijua Dereva hapokei simu akiwa anaendesha, hajawahi, hata siku binti yetu alipokuwa na uchungu wa kujifungua hakupokea mpaka alipofika stendi. Lakini siku hiyo hata hilo halikunituliza. Moyo ukishaamua kuogopa, hausikilizi.

Nilikaa kwenye kile kiti zaidi ya saa mbili.

Nilitazama magari yakijaza upepo. Nilitazama mama mmoja akimfuta mwanaye uso kwa mate. Ng'ambo ya barabara bahari ilikuwepo, ile ile, na nikiwaambia ukweli sikutaka hata kuiona.

Nililia pia. Kidogo. Nilitumia ile karatasi niliyokuwa nayo mkononi.

Nikawa najiuliza, nikirudi nitarudi wapi? Nyumba yangu ina wapangaji mpaka mwisho wa mwaka. Nguo zangu ziko kwenye gari. Miaka sitini na tatu, na kitu nilichobaki nacho ni ufunguo wa choo ambao si wangu.

Saa kumi na nusu, dada wa mafuta akanigusa bega.

"Mama. Si kile pale?"

Kibasi kilikuwa kinakuja, taa zote zinawaka mchana kweupe. Kikaingia kituoni kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa lile gari. Dereva akashuka, akaacha mlango wazi. Shati limemlowa jasho, macho mekundu.

Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Nilikuwa nayo mengi.

Akaniwahi.

"Sista, ulishuka saa ngapi?"

"Wewe uliniacha saa ngapi?"

"Sikukuacha. Nilijua umelala."

"Na mlango? Hukusikia mlango?"

Hapo akainamisha kichwa.

Mlango wetu wa ubavuni ni mbovu. Haufungi mpaka uupige kofi mara mbili. Nami niliposhuka niliufunga hivyo, pa, pa. Sasa mtu aliyeendesha basi miaka thelathini na mmoja, kondakta akipiga bodi mara mbili maana yake ni moja tu, abiria wote wamepanda, twende.

"Mguu ulienda wenyewe," akasema. "Sikufikiria kabisa. Nilisikia pa, pa, nikaondoka."

Kumbe niliyetoa ruhusa ya kuachwa ni mimi mwenyewe.

Dada wa mafuta alishika tumbo akaenda kuchekea nyuma ya pampu. Mimi sikucheka. Bado nilikuwa nalo lile neno la mtu mmoja.

"Nafasi ya mtu mmoja kwa binti yako ni ya nani?"

Akashtuka. "Amekwambia?"

"Ni ya nani, Dereva?"

"Yako. Nilikuona umechoka. Nilitaka ulale kwenye chumba chenye kuta. Mimi ningelala kwenye gari, nje ya geti lao."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekwambia leo. Nimeongea na wewe njia nzima."

"Mimi? Wakati niko hapa?"

"Nilijua uko nyuma ya pazia umenuna. Nikasema afadhali niongee naye hivi hivi, nikiwa natazama barabara. Nikitazamwa siwezi."

Wapendwa, mume wangu alikuwa ameongea na mto wa kulalia kwa zaidi ya kilomita hamsini.

"Ulisema nini?"

"Siwezi kurudia, Sista."

"Utarudia."

Nikamrudishia dada ufunguo wake, nikamshukuru, nikapanda kibasini. Nikalala kitandani. Nikavuta pazia.

"Kaa kwenye usukani," nikasema. "Tazama barabara. Sema."

Akakaa. Nilisikia kiti chake kikilalamika. Kisha akaanza.

"Nilisema mimi pia nimechoka. Mgongo wangu umekwisha. Usukani nauchukia tangu miaka kumi kabla ya kustaafu. Nilikuwa nahesabu siku niachane nao."

Nikakodoa macho gizani mwa pazia.

"Sasa gari tulinunua la nini?"

"Si wewe? Siku ile wanakuaga hospitali ulishika kipaza sauti ukasema sasa unataka kuitazama bahari mpaka uchoke. Watu wakapiga makofi. Nikasema mke wangu hajawahi kuniomba kitu. Hiki nitampa."

Jamani. Jamani...

Ile hotuba nilipewa kipaza sauti ghafla, sikuwa na la kusema. Nilisema bahari kwa sababu ukutani palikuwa na kalenda yenye picha ya bahari.

Miezi kumi na moja! Mimi navumilia kwa ajili yake, yeye anavumilia kwa ajili yangu, na hakuna aliyetaka.

"Endelea," nikasema.

"Halafu nikakuuliza swali. Nilikuuliza, umechoka na gari au umechoka na mimi?"

"Halafu?"

"Ukanyamaza. Nikakuuliza mara ya pili, ukanyamaza. Nikajua basi, jibu ndilo hilo. Nikaendesha nalia, Sista, mtu mzima mimi. Mwisho nikaegesha pembeni, nikasema bora aniambie usoni. Nikafungua pazia."

"Ukakuta sipo."

"Nikakuta hupo. Nikafurahi."

"Ulifurahi? Umekuta mkeo hayupo kwenye gari ukafurahi?"

"Nilifurahi. Kama hukuwepo, basi hukuwa umenyamaza. Swali langu lilikuwa bado halijajibiwa."

Nililia pale nyuma ya pazia mpaka mto ukalowa. Yeye hakugeuka. Alikaa akitazama mbele, mikono kwenye usukani, anasubiri.

"Nimechoka na gari," nikasema. "Na gari tu."

Usiku huo tulilala kwenye nyumba ya wageni, chumba chenye kuta nne, na kitanda kipana ambacho hatukukitumia nusu yake. Wiki ya tatu sasa tuko hapo, tunasubiri wapangaji wetu wamalize muda. Kibasi kimebandikwa bango la kuuzwa. Bahari iko nyuma ya jengo, tunaisikia, hatuendi.

Sasa na nyinyi mnaosoma hapa, hasa wenye ndoa za siku nyingi mnaodhani mwenzenu mnamjua mpaka ndani... acheni kubuni anachokitaka. Muulizeni. Na jambo likikujaa moyoni, liseme.

Ila kabla hujaanza, geuka kwanza uhakikishe yupo.