Cherehani ya Bibi Fundi

Jambo la kwanza lilikuwa dogo. Mchana mweupe, Mama Kudumu akiosha vyombo, alisikia cherehani ikishona chumbani. Akaenda kuchungulia. Gurudumu lilikuwa likizunguka polepole, na mkanda wa kuliendesha alikuwa nao yeye mfukoni, aliuvua asubuhi.

Jina la Mama Kudumu alibandikwa na mumewe. Mwanamke huyu hakuwa na muda na takataka za kuvunjika: sufuria zake zingeweza kumlaza mwizi, na kabati lake lilitaka wanaume wanne kulisogeza. Lakini hakuna alichokitamani kama cherehani ya chuma ya Bibi Fundi, ajuza aliyemfundisha kushona. Bibi Fundi alimaliza kila mshono kwa kurudi nyuma mara tatu, kisha akakata uzi kwa meno. "Ili kidumu," alizoea kusema, mdomo ukinukia karafuu.

Bibi Fundi alipokuwa mahututi alimwomba Mama Kudumu amkabidhi bintiye cherehani ile. Mama Kudumu aliitikia, tena akiwa amemshika mkono. Wiki moja baada ya maziko akamwambia yule binti, "Mdogo wangu, hii imekufa. Labda nikuondolee kama chuma chakavu." Binti, asiyejua kushona, alimshukuru huku akilia. Shukrani ile ndiyo iliyomkwama Mama Kudumu kooni mpaka leo.

Siku ya pili chumba kilinuka karafuu. Ya tatu alikuta mikono ya shati la mumewe imeshonwa ikazibwa, na mkasi haukuuweza uzi ule. Ya nne alijilaza mchana kidogo, akaamka, akataka kugeuka akashindwa, kwa sababu nywele zake na ukosi wa gauni na shuka na mto vilikuwa vimeunganishwa kwa mshono mmoja mwembamba, ulionyooka, uliorudi nyuma mara tatu karibu na sikio lake, na pale uzi ulipoishia palikuwa na mate, mabichi, bado ya moto.

"Mume wangu," alinong'ona, "nimefanya jambo baya sana."

Mumewe, aliyependa utani, siku hiyo hakutania. Alikata nywele na kitambaa kandokando ya mshono, akampeleka kwa mganga.

"Si marehemu huyo," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini aliyezoeana na chombo chake. Irudishe, na useme kwa mdomo wako ulivyoipata. Ukirudisha chuma tu, atabaki na wewe."

Waliipeleka kwa mkokoteni. Mume akangoja nje. Binti alipoiona alimkumbatia Mama Kudumu kwa nguvu.

"Dada! Umeitengeneza?"

Mama Kudumu alifungua mdomo. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Lakini uso ule ulimtazama kwa imani, na akaona aibu.

"Ndiyo, mdogo wangu," alisema. "Nimeitengeneza."

"Mungu akulipe, dada yangu."

Alitoka akiwa amejichukia. Mumewe aliushika mkokoteni mtupu, akamtazama.

"Umemwambia?"

Alitaka kusema hapana, turudi, nikamwambie. Harufu ya karafuu ikamjia puani. Kitu kikamchoma pembeni mwa mdomo, kikatoka, kikachoma tena, kikasogea kwa mwendo sawa hadi pembe ya pili, kisha kikarudi nyuma: moja, mbili, tatu. Na hapo shavuni, karibu kabisa, akasikia meno yakikata uzi.