Raundi ya Saba

"Kumi kwa tisa, bukta nyekundu."

Hezekiah alikuwa akijisemea tu, mdomo umejaa kuku, macho kwenye skrini kubwa. Hakutarajia kujibiwa. Lakini nyuma yake sauti ya kike ikadakia kwa Kiswahili cha nyumbani kabisa:

"Wewe umelala? Hiyo raundi ni ya bluu!"

Ilikuwa wiki ya ndondi Riyadh. Kila ukuta ulikuwa na picha ya mwanamume mwenye misuli aliyekunja uso, na ile mall ya upande wa Malaz ilikuwa imefunga skrini kwenye ukumbi wa chakula, inaonyesha mapambano ya zamani tangu asubuhi. Watoto walilia, trei ziligongana, watu walipigania viti. Katika umati wote ule waliokuwa wakitazama ni wawili: dereva mmoja Mkenya na, kumbe, yaya mmoja Mkenya.

Hezekiah aligeuka. Akaona abaya nyeusi yenye pindo la zambarau, mtandio ulioshuka mabegani, nywele zilizosukwa mistari myembamba, na raba nyeupe safi zisizofanana na kazi ya mtu anayekimbizana na watoto. Mkononi alishika kikombe cha juisi ambacho hakikuwa chake.

"Bluu amefanya nini?" Hezekiah akauliza. "Amekuwa akikimbia tu."

"Anakimbia akipiga. Angalia miguu, usiangalie kelele. Huyo wako anapiga mikono ya mwenzake, watu wanashangilia, na wewe unaingia mkumbo."

"Nani alikufunza hizi maneno?"

"Baba. Alikuwa jaji wa ndondi za amateur Kisumu. Kwetu TV ilikuwa inazimwa sauti, kila mtoto anatoa pointi zake. Ukiiga za mwenzako, hupati chai."

Hezekiah aliacha kutafuna. Tangu utotoni alikuwa akitazama ndondi na wanaume wenye fujo katika kibanda cha video Mumias, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia aangalie miguu. Akamwangalia mrembo yule toka mtandio hadi raba, na mapenzi, yakiwa na haraka kuliko yeye, yakawa yameshaketi.

"Yalla, Jael!" madam wake akaita kutoka upande wa ngazi za umeme.

"Naitwa. Tumekuja harusi ya dadake, kesho tunarudi Jeddah."

"Jeddah!" Ilimtoka kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa. "Nipe namba basi, tumalize huu ubishi."

"Na ukiisha?"

"Tutaanzisha mwingine."

Jael akacheka, akampa.

Ubishi haukuisha. Kila Ijumaa, nyumba nzima ya madam, mtaa wa Al-Safa huko Jeddah, ikishashiba na kulala baada ya chakula cha mchana, Jael alijifungia chumbani kwake na simu, na Hezekiah akajilaza kitandani kwake Malaz. Jael ndiye aliyechagua pambano na kutuma video. Sheria zilikuwa za babake: sauti unazima, matokeo hutafuti, mshindi wa raundi anapata kumi na mwenzake tisa, na pointi zako huzitoi mpaka kengele ya mwisho. Kisha kila mmoja anatuma zake, na hapo ndipo simu zilipolia.

"Jaji wangu, umempa nani ya nne?"

"Nyekundu. Na wewe umempa bluu kwa sababu wewe ni kipofu."

"Kipofu wako."

"Kipofu wangu, eeh. Lakini macho utayanunua lini?"

"Nikinunua nitakuona vile ulivyo mrembo nizimie. Wacha nikae hivi."

"Acha zako, Hezekiah!" Na hapo alikuwa akilia kwa kicheko, kafunika mdomo kwa mto asiamshe watoto.

Hawakuwahi kukubaliana raundi zote, na hilo ndilo Jael alilolipenda kuliko maua. Alikuwa amechoka na wanaume wa kusema ndiyo kwa kila kitu halafu wanapotea. Huyu alimbishia hadi bando likaisha, akanunua jingine, akaendelea kubisha.

Shida ilikuwa barabara. Kati ya Riyadh na Jeddah ni jangwa la siku nzima ndani ya basi. Mara moja Hezekiah alipata kazi Jeddah, akamwambia, Jael akaimba jikoni wiki nzima, kisha kafili yule, mwajiri wa kumdhamini, akabadili nia. Jael alilia simuni kwa kwikwi. Siku hiyo Hezekiah aliapa moyoni: nyingine nikipata, hatasikia neno mpaka ikama yangu, kibali cha ukaazi, ihamie kwa mwajiri mpya.

Basi Ijumaa moja mzee wa Jeddah aliyekuja Riyadh kutembelea wanawe akataka kumwona. Saa za mzee zikaangukia saa za ndondi. Hezekiah akaenda, akamwendesha mzee mji mzima aonje udereva wake, na aliporudi kwenye simu Jael alikuwa ameshatuma pointi zake na vialama vya kuuliza vitatu. Hezekiah akapata woga wa kijinga, ule unaowapata wanaume wazima. Akatafuta pambano lile mtandaoni, akaona kadi ya pointi ya shabiki mmoja huko, akabadilisha hapa na pale, akatuma raundi zote kumi na mbili.

Simu ikalia papo hapo.

"Kipofu wangu, hujambo?" Sauti ilikuwa tamu kupita kiasi. Mwanamume mwenye uzoefu angejua.

"Sijambo, Jaji. Umeona vile nimeliangalia leo?"

"Nimeona. Hebu nieleze raundi ya saba. Umempa bluu. Kwa nini?"

"Ya saba... alikuwa anarusha jab sana. Halafu ile hook ya kushoto. Wah!"

"Hook ya kushoto."

"Eeh. Nusura amwangushe."



"Hezekiah. Video niliyokutumia haina raundi ya saba. Imekatika. Kengele ya sita ikilia, inaruka hadi ya nane."

Jasho lilimtoka na AC inanguruma.

"Babe, ngoja nikueleze..."

"Uliiga wapi?"

"Mtandaoni. Lakini nilikuwa na kazi, bosi aliniita..."

"Bosi yupi? Jana si uliniambia bosi wako yuko Dubai?"

Sasa uongo ulikuwa wa pili. Hezekiah alifungua mdomo aseme habari za mzee wa Jeddah, akakumbuka kile kilio, na ulimi ukagoma. Kukaa kimya kwake ndiko kulikommaliza.

"Ulikuwa na mtu," Jael akasema polepole. "Na hata kama hukuwa naye. Umenielezea vile ngumi ilitua kwa raundi ambayo hukuiona. Siku ukiniambia unanipenda, mimi nitajuaje? Halas, imekwisha, Hezekiah."

Akakata.

Hakumfungia namba, maana moyo wake ulikuwa bado unataka kujua atasema nini. Lakini hakujibu. Jioni ile, akikunja nguo, alimwambia madam kwamba mkataba wake ukiisha hataongeza. Arudi kwao kabisa. Khuruj nihai, kuondoka moja kwa moja, bila kurudi. Madam alinuna, akaahidi kuibonyeza kwenye programu ya vibali ya simu yake mwisho wa mwezi.

Ijumaa iliyofuata ujumbe ukaingia. Hezekiah hakuomba msamaha wala kutuma maua ya simu. Alikuwa amechagua pambano mwenyewe, akatuma video na pointi zake. *Raundi ya kwanza, kumi kwa tisa nyeupe. Ya pili, kumi kwa tisa nyeusi. Ya tatu, sikuiona, bosi aliita. Ya nne, nyeupe. Ya tano, sikuiona, nilisinzia.*

Jael akasoma, akaweka simu chini. Akaichukua tena. Akafungua pambano lile akalitazama lote peke yake, akimtukana Hezekiah kwa kila raundi aliyokosea, na machozi yanamtiririka. Ijumaa nyingine ikaja na "sikuiona" zake. Na nyingine. Jael hakujibu hata moja, lakini hakukosa hata moja.

Aliyevunja ukimya ni Rosebellah, shoga yake wa nyumba ya pili, aliyeiba namba kwenye simu ya Jael.

"Wewe ndiye Kipofu?" alimfokea Hezekiah simuni. "Jaji wako anaenda. Madam anamfanyia khuruj nihai kesho kutwa. Ikishabonyezwa, hivyo ndio basi. Na mimi nimechoka kumsikia akilia hapa ukutani!"

"Niko Jeddah," Hezekiah akasema.

"Ati nini?"

"Nimefika leo asubuhi. Ikama imehama. Nilikuwa nasubiri nipige nguo pasi nimwambie. Dada, tafadhali, yuko wapi?"

"Corniche, na watoto. Kimbia!"

Akakimbia.

Corniche, barabara ya matembezi kando ya bahari, ilikuwa imefurika. Familia zimetandika mikeka, thermos za chai zimesimama, watoto wanakatiza na baiskeli, upepo wa bahari unapeperusha abaya huku na huku. Hezekiah aliruka miguu ya watu akiomba radhi kwa lugha tatu, shati lake jeupe limemganda mgongoni, mpaka akaziona raba zile nyeupe.

"Jael!"

Jael aligeuka na aiskrimu ya mtoto mkononi. Moyo ulimruka, akaukunjia uso.

"Umefuata nini hapa?"

"Siku ile nilikuwa na mzee mmoja wa hapa Jeddah, nikitafuta kazi. Sikutaka ulie tena kama ile mara ya kwanza, nikaficha. Halafu nikadanganya kuficha nilichoficha. Sasa niko hapa, kafili mpya, kilomita mbili kutoka kwenu. Na nimeipata hii." Akatoa simu. "Raundi ya saba. Kuna mtu alikuwa nayo nzima."

"Hezekiah..."

"Dakika tatu tu. Halafu ukisema niende, nitaenda."

Jael alitazama mkekani, ambako madam alikuwa amesimamisha kikombe hewani akiwaangalia. Akapokea kisikilizi kimoja, ingawa sauti ilikuwa imezimwa na kisikilizi hakikuwa na kazi yoyote. Walisimama bega kwa bega. Bukta nyekundu akaja mbele, bluu akazunguka, jasho likaruka kwenye taa. Hakukuwa na hook yoyote ya kushoto. Jael alipumua kwa nguvu, Hezekiah alipumua kwa nguvu, na aiskrimu ikayeyuka hadi kwenye kiwiko.

Sasa, Hezekiah hakuwa mjinga. Alimjua Jaji wake. Aliona macho yake yakifuata miguu ya bluu, akajua atasema nini. Kukubaliana naye kulikuwa rahisi, na kesho kutwa ilikuwa karibu. Kengele ikalia kimyakimya.

"Bluu," Jael akasema.

Hezekiah akaishusha simu.

"Nyekundu."

"Nini?"

"Nyekundu, Jael. Alimbana kwenye kamba dakika nzima ya mwisho. Nisamehe, lakini ndivyo nilivyoona."

Jael alimkodolea macho. Kisha kicheko kikaanza tumboni, kikapanda, kikamtoka pamoja na machozi hadi mtoto akamshika abaya kwa hofu.

"Wewe ni kipofu kabisa!"

"Nioe hivyo hivyo. Yaani, nikuoe. Desemba twende nyumbani pamoja nimwone mzee wako, anipime macho mwenyewe."

"Atakunyima chai."

"Ndiyo hiyo ama hapana?"

Jael hakumjibu yeye. Alimkabidhi aiskrimu iliyobaki, akafuta mkono kwa mtandio, akatembea moja kwa moja hadi mkekani.

"Madam, mafi khuruj nihai, siitaki tena. Likizo tu, ya Desemba. Nitarudi."

Madam aliweka kikombe chini. Akamtazama mwanamume yule wa shati lililolowa, aliyesimama na mtoto mguuni na aiskrimu ikimtiririka kwenye vidole, hajui aipeleke wapi.

"Na huyo ni nani?"

"Huyo ni mchumba wangu," Jael akasema. "Ndondi hajui, madam. Lakini asichokiona, anasema hakukiona."