Honi ya Muuza Samaki

Kila asubuhi kabla ya chai Gaudens alikuwa na kazi mbili: kuteka maji bombani na kufuta baiskeli ya baba yake. Kazi ya kwanza aliifanya kwa kununa. Ya pili aliifanya kwa mapenzi, kwa maana aliahidiwa kwamba akifaulu kuingia darasa la saba, baiskeli ile ingekuwa yake.

Na kweli alifaulu. Siku shule zilipofungwa, baba yake, Audax Kamugisha, karani wa bohari aliyehamia Temeke kutoka Bukoba, alimpa fedha mkononi.

"Likizo ikiisha utaipanda kwenda shuleni," alisema. "Lakini kengele yake imekufa. Ikokote hadi kwa Remtulla ukanunue nyingine. Vichochoro vyetu ni vyembamba na watoto ni wengi. Baiskeli bila kengele haipandwi hapa kwangu."

Duka la Bwana Remtulla lilikuwa karibu na soko, nalo liliuza kila kitu, kuanzia mafuta ya taa hadi mipira ya baiskeli. Mzee huyo alipanga kengele tatu juu ya meza. Gaudens hata hakuzigusa. Macho yake yalikuwa ukutani, kwenye honi ya shaba yenye mpira mweusi wa kubinya, mkubwa kama chungwa. Mwaka ule wa hamsini na tatu hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja shuleni kwao mwenye honi.

"Naitaka ile," alisema.

Remtulla aliitungua taratibu. "Baba yako kasema honi?"

"Kasema nichague mwenyewe." Huo ulikuwa uongo wa kwanza siku ile, tena mdogo, na alijisamehe papo hapo.

"Sikiliza, kijana. Honi hizi wananunua wauza samaki. Mwinshehe anayo kama hii hii, nimemuuzia mie. Kengele inamwambia mtu apishe. Honi hii, hapa Temeke, inamwambia mtu aje."

"Mie nataka hiyo hiyo, Bwana Remtulla."

Sikio la kufa halisikii dawa. Honi ilifungwa kwenye usukani na Gaudens akapanda, akaondoka akiibinya kila hatua tatu. Poo! Poo! Wanawake walichungulia milangoni. Mmoja aliuliza, "Leo samaki mapema hivi?" Gaudens alicheka. Alidhani wanamwonea wivu, akaongeza mwendo.

Nyuma ya soko kilikuwapo kichochoro kinachoteremka katikati ya nyumba za udongo. Alikiingia kwa kasi huku akipiga honi. Hapo mlango mmoja ulifunguka na mtoto wa miaka sita, Sikudhani, akachomoka mbio na bakuli la bati mkononi. Mama yake alimzoeza hivyo: ukisikia honi, kimbia kabla samaki hawajaisha.

Gaudens alibinya honi ili mtoto apishe. Sikudhani aliisikia vizuri sana. Akazidi kumkimbilia.

Gurudumu lilimpiga kifuani. Bakuli liliruka, na kichwa cha mtoto kikagonga jiwe la mlangoni kwa sauti ambayo Gaudens aliisikia masikioni mwake miaka mingi baadaye. Damu ilitoka juu ya jicho, ikajaa sikioni, ikamwagika mchangani. Mtoto hakulia. Hakutikisika.

Gaudens alitazama huku na huku. Kichochoro kilikuwa kitupu. Niseme nini juu ya alichofanya? Alikuwa mwoga. Alipanda baiskeli akakimbia, akajificha nyuma ya ua wa makuti wa nyumba ambayo haijamalizika, hatua hamsini tu kutoka pale.

Kilio cha mama kikapanda. Watu wakajaa. "Nani? Nani kamgonga?"

"Mwenye samaki," mama alilia, kichwa cha mwanawe kikiwa mapajani. "Nimeisikia honi kwa masikio yangu. Kamuua mwanangu, kakimbia."

Na wakati ule ule, upande wa juu wa kichochoro, ikasikika: poo, poo. Mwinshehe alikuwa akiteremka na tenga lake nyuma ya baiskeli, hana habari, akitafuta wateja wake wa kila siku.

Hawakumuuliza jina. Walimvuta shingoni mpaka chini. Tenga lilipinduka, samaki wakakanyagwa wakawa tope. Mmoja alimpiga teke la mdomoni, na meno mawili yakatoka na damu. Mwingine alishika mti wa ua, akaupiga mkono aliojikingia uso, na mkono ukalia kama kuni kavu. "Jamani, ndio kwanza nafika," Mwinshehe alisema, na kwa kusema hivyo akapigwa zaidi. Wanawake walirusha mawe. Kijana mmoja mnene alitoka nyumbani na mchi wa kutwangia.

Gaudens aliyaona yote kupitia upenyo wa makuti. Moyo ulimwambia nyamaza, hawakujui. Kisha aliuona mchi ukiinuliwa juu ya kichwa cha mtu asiye na kosa. Alifungua mdomo apige kelele, sauti ikakataa. Mkono wake ndio uliotii. Alibinya honi.

Poo! Poo! Poo!

Mchi ulisimama hewani. Watu wote waligeuka, kwa sababu honi ya Mwinshehe ilikuwa imelala chini imebondeka, na honi nyingine ilikuwa ikilia nyuma ya ua.

"Ni mimi," Gaudens alisema alipotoka, gurudumu lake la mbele lingali na damu. "Nimemgonga mimi. Yeye hakuwapo."

Walimrukia. Kofi la kwanza lilimwangusha, teke lililofuata likamkata pumzi, na mtu wa tatu alikuwa tayari ameokota jiwe. Sauti iliyowazuia ilitoka chini, kwenye mdomo uliojaa damu.

"Mwacheni," alisema Mwinshehe. "Mmekwisha kosea mara moja leo."

Mikono iliteremka, mmoja mmoja. Remtulla, aliyesikia ghasia kutoka dukani, alileta gari lake, akawapakia majeruhi wote watatu pamoja hadi hospitali.

Sikudhani alizinduka jioni. Alishonwa nyuzi saba juu ya jicho. Mwinshehe alifungwa mkono. Kijana wa mchi alikuja hospitali akasimama mlangoni, akashindwa kuingia.

Gaudens alingoja fimbo za baba yake. Hazikuja, na hilo lilimtisha zaidi. "Mkono wa Mwinshehe umevunjika," alisema Audax. "Wako ni mzima. Likizo yote hii utausukuma mzigo wake, na honi yako utaifunga kwenye baiskeli yake, uipige wewe."

Basi wiki iliyofuata Gaudens alisukuma baiskeli ya samaki, Mwinshehe akitembea kando yake na mkono wake umetundikwa shingoni kwa kitambaa. Walipofika kichochoro kile kijana aliisimamisha baiskeli bila kubinya honi.

"Piga," alisema Mwinshehe.

"Kina mama hawa wataniona, Mzee."

"Wakuone. Sikia, mwanangu. Chombo chochote kina kazi yake, na watu wameizoea. Ulichagua cha kukupendeza wewe, hukuwafikiria wenye njia. Uliwaita waje, halafu ukawataka wapishe. Hilo ni kosa, na kosa husameheka. Lakini ulipomwacha mtoto mchangani, na mimi nikapigwa badala yako, hapo ilibaki kidogo tu usiwe mtu. Honi uliyoipiga ya mwisho ndiyo iliyokurudisha. Ukweli ukichelewa, kuna mtu anaulipia. Tazama mdomo wangu."

Gaudens alibinya honi. Milango ilifunguka, macho mengi yakamtazama. Kisha Sikudhani akatokea na bakuli lake lililobonyea, kitambaa cheupe kichwani. Safari hii hakukimbia. Alishika mwimo wa mlango akatazama upande wa juu wa kichochoro, akatazama wa chini, kisha akamtazama Gaudens.

"Umesimama?" aliuliza.

Gaudens aliiegemeza baiskeli ukutani, akainua mikono yake yote miwili aione.

"Nimesimama," alisema.

Ndipo mtoto alipoteremka kutoka mlangoni.