Beji ya Agathe

"Mwongozo wa Muda Kuhusu Upungufu wa Beji za Majina, Toleo la Pili, Lililorekebishwa." Ndivyo ulivyoitwa waraka uliotoka makao makuu ya maduka ya nguo alikoajiriwa Sidonie, tawi la Stratford. Ulikuwa na kurasa nyingi, pamoja na picha ya beji kwa faida ya wafanyakazi ambao huenda hawajawahi kuiona. Kwa ufupi ulisema: beji mpya zimechelewa; anayeanza kazi avae yoyote iliyomo kwenye droo.

Sidonie akapata ya Agathe.

"Agathe ni nani, madame?" alimuuliza meneja wake, Minal, mzaliwa wa Harrow ambaye wazazi wake walitoka Kisumu na kumwachia Kiswahili cha kutosha kugombeza.

"Alikuwa hapo hapo utakapokuwa wewe, vyumba vya kujaribia nguo. Aliacha kazi."

"Akaenda wapi?"

"Hakusema. Hata koti hakubeba."

Koti lenyewe, la kijivu, lilikuwa bado kwenye ndoano ya chumba cha wafanyakazi. Haikuruhusiwa kuliondoa, kwa kuwa hakuna utaratibu wa koti la mtu ambaye hakuandika barua ya kuacha kazi. Sidonie alitundika lake la bluu pembeni, mkono ukaligusa lile la kijivu. Mabega ya hilo la kijivu yalikuwa yamelowa, kama limetoka mvuani sasa hivi.

Kazi ilikuwa nyepesi. Mteja akiingia na nguo unampa kibao cha plastiki, akitoka anakirudisha. Akikuita kutoka ndani, unaitika papo hapo, maana makao makuu hutuma wateja wa siri, watu wanaolipwa kujifanya wanunuzi kisha wakawashtaki wanaochelewa. Wa kwanza aliita "Agathe" weee, huku Sidonie akiendelea kukunja suruali kana kwamba anaitwa mtu mwingine. Na kweli alikuwa anaitwa mtu mwingine.

"Ukianguka tena, mama, probation imeisha," Minal alimwambia. "Na mimi sitaweza kukusaidia."

Sidonie alijua kingeisha nini pamoja na hicho kipindi cha majaribio. Wakili alishamweleza: bila mkataba wa kudumu, bintiye Plamedie, ambaye Sidonie humwita Kamama tangu azaliwe, angeendelea kubaki Uvira kwa shangazi yake.

Tatizo ni kwamba kwao Uvira mtoto hufundishwa mapema asiitike sauti ya mtu asiyemwona. Mama yake alimchapa kwa jambo hilo. Lakini mama yake hakuwahi kuajiriwa mahali ambapo kila anayekuita yuko nyuma ya pazia.

Jumanne moja alasiri mvua ilifukuza wateja. Vibao vyote vilikuwa vimerudi, vinaning'inia mbele yake. Ndani hamkuwa na mtu.

"Agathe."

Sauti ya mwanamke. Chumba cha mwisho.

Sidonie akatazama vibao. Vyote vilikuwapo.

"Agathe, uko apo?"

Kiswahili. Tena cha kwao. Akajaribu kuamini kwamba ni mteja wa siri. Ila kampuni iliyoshindwa kuchapa beji ingempata wapi mtu wa Uvira?

"Miguu inaniuma, dada. Niko nasimama tangu siku mingi. Sema tu uko."

Akabana midomo. Huenda ni kweli walikuwa wanampima. Akamwona akilini Kamama kwenye simu, akiuliza atakuja lini.

"Niko," alinong'ona.

Pazia la mwisho likalegea, kama kitu kilichokuwa kimekamatwa kikaachiliwa.

Akaenda. Akalivuta. Hamkuwa na mtu, kioo tu. Akakitazama.

Yeye hakuwamo kwenye kioo.

Akainua mguu atoke. Mguu ukarudi ulipokuwa.

Kule mbele, Minal alikuwa anaagana na mwanamke aliyevaa koti la kijivu.

"Haya, Sidonie. Tutaonana kesho."

"Asante, madame," mwanamke akajibu, kwa sauti ya Sidonie.

"Minal," Sidonie aliita. "Minal."

Minal akaja hadi chumba cha mwisho. Akatazama ndani, akalifunga pazia, kama mtu anavyofunga chumba kitupu.

Makao makuu yaliandika kwamba beji moja imepotea na kwamba Sidonie amefaulu kipindi chake cha majaribio. Baada ya miezi kadhaa mtoto akaletwa. Fortunat, binamu yake Sidonie, ndiye aliyeendesha gari hadi uwanja wa ndege, naye anasema mtoto alisimama na begi lake, asimsogelee mtu, kisha akamvuta yeye, mjomba wake, mkono.

"Tonton, mama iko wapi?"

"Si huyu hapa?"

"Huyu ananiita Plamedie."

Kwenye ndoano ya chumba cha wafanyakazi liko koti la bluu. Kila asubuhi mabega yake yamelowa. Utaratibu wake bado haujatoka.

Kilichotokea ni hiki: Agathe alitoka, na Sidonie yuko chumba cha mwisho, amesimama.