Soksi za Hina

Filda wa nyumba ya pili aliapa kwamba mwizi ni mjane. Kwa maelezo yake, alikuwa ameketi mlangoni anachambua kunde, jua limeanza kuinama, akamwona mwanamke aliyejifunika nguo nyeupe gubigubi akitoka uani kwa Mzee Yakubu, kifurushi kwapani, anashika njia ya hospitali. Hakusalimu, hakugeuka. Na mjane wa nguo nyeupe katika sehemu ile ya Awindiri, mjini Arua, alikuwa mmoja tu, Hawah, aliyekuwa akikaa eda ya mumewe katika chumba cha nyuma cha ua uleule. Magharibi lilipofunguliwa sanduku la harusi ya Sadiya, binti wa Yakubu, mitali ya fedha ya kuvaa miguuni haikuwamo.

Koplo Adrabo alimkamata Hawah jioni hiyohiyo. Akamhoji. Hawah hakujibu hata neno. Koplo akaandika kwamba mshukiwa amenyamaza kwa sababu hana la kujitetea.

Inspekta Driwaru aliyakuta maneno hayo asubuhi, akitokea Koboko. Tangu redio itangaze amri ya kukataza sketi fupi, kazi yake kubwa ilikuwa kuzunguka masokoni akitazama magoti ya wanawake wenzake. Hajavua kofia, akaingia Sajenti Amandu, mjomba wa bwana harusi, mkanda unang'aa, gari la kambi ya jeshi linanguruma nje.

"Mwizi wa harusi yetu tutamhoji wenyewe kambini," alisema. "Nikitoka kuswali adhuhuri nakuja kumchukua."

Driwaru alisubiri gari liondoke. Arua nzima ilijua kwamba waliohojiwa kule, mara nyingi viatu vyao ndivyo vilivyorudi nyumbani.

Aliingia mahabusu peke yake, akavua kofia, akakaa sakafuni. Hawah alifunua uso kidogo. Miguu yake ilikuwa mikavu, visigino vimepasuka kama shamba la kiangazi.

"Dada, kwa nini hukumjibu koplo?"

"Niko edani. Nitazungumzaje na mwanamume nisiyemjua, tena usiku?"

"Jana ulitoka?"

"Sikutoka."

"Nguo nyeupe unazo ngapi?"

"Hii, na nyingine niliianika kambani. Jioni nikaikuta bado iko kambani, lakini ndani nje. Na pindo lina doa jekundu. Nikadhani udongo. Nimelifikicha mpaka vidole vikauma, halikutoka."

Driwaru akainuka.

Filda alimpokea kwa furaha ya mtu ambaye hajamaliza kusimulia. Alikuwa mgeni Awindiri, mwenyeji wa Logiri, na mambo ya majirani zake Wanubi bado yalikuwa yanamshangaza. Sura hakuiona. Urefu wa kawaida tu.

"Na miguu?" aliuliza Driwaru. "Alivaa viatu?"

"Ah, afande, miguu! Viatu hapana. Lakini miguu iko nzuri sana. Nyekundu mpaka hapa juu, kama iko na soksi. Mimi nasema moyoni, siku moja nitauliza yeye, nani iko napaka yeye."

Penseli ya Driwaru ikasimama. Yeye alikuwa Mlugbara wa kanisani, lakini alikulia nyuma ya msikiti, akisukwa nywele kibarazani pamoja na wasichana wa Kinubi. Mjane wa edani hagusi hina, hata kucha moja. Na hina ya kupanda mpaka juu ya kifundo, kama soksi, mtaani mle alipakwa mtu mmoja tu kwa wakati wake.

"Mama Filda, umenisaidia kuliko unavyojua."

"Kwa hiyo nyinyi nanyonga yeye?"

"Hatumnyongi mtu. Endelea na kunde zako."

Uani kwa Yakubu wanawake walikuwa jikoni, ngoma inajaribiwa. Driwaru aliichukua nguo ya Hawah, akatazama doa, akaomba aachwe na bibi harusi. Sadiya alikuwa kitandani, miguu imenyooshwa mbele, hina imekolea mpaka juu ya vifundo.

Inspekta akatandaza lile pindo kando ya mguu. Rangi ilikuwa moja.

"Umekuja kunipongeza, afande?"

"Nimekuja kukuambia kwamba Hawah yuko mahabusu kwa ajili ya mitali yako. Adhuhuri anapelekwa kambini."

Sadiya akageuka rangi. "Hawah? Wameniambia ameenda kwa ndugu zake Koboko."

"Wamekuficha, harusi yako isiingie mkosi."

Binti akashusha miguu kitandani. "Ni mimi," alisema. "Niandike. Ni mimi."

"Niambie vizuri."

"Bibi harusi akionekana nje, mtaa mzima utauliza. Mjane hakuna anayemsimamisha. Nguo yake ilikuwa kambani, nikaivaa, nikairudisha. Sikuwaza kwamba watamtazama yeye."

"Mitali iko wapi?"

"Hospitali. Katika kasha langu, nimeiviringisha ndani ya yunifomu."

Driwaru alijua kwamba Sadiya alikuwa anajifunza uuguzi. "Unaiba mali ambayo kesho ni yako?"

"Kesho itakuwa miguuni mwangu, afande. Ukitembea inalia, kila mtu anajua mke wa fulani ametoka jikoni. Haboba wangu, mama yake baba, aliivaa. Mama akaivaa. Hakuna aliyevuka barabara peke yake. Ramathan simkatai, ni mtu mzuri. Nakataa ile sauti. Wodini kuna wagonjwa wamelala."

"Ulimwambia baba yako?"

"Kila asubuhi nilipita mbele yake na yunifomu imepigwa pasi. Nilidhani anaisoma kama barua."

Driwaru alikaribia kucheka, akajizuia. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na nyuma yake palikuwa na kanzu. Mzee Yakubu alikuwa amesikia.

Alichukua ufunguo wa kasha kwa binti yake, akatangulia njia ya hospitali. Kasha lilifunguliwa, yunifomu ikafunuliwa, mitali ikalia kidogo mikononi mwake. Aliikunja upya ndani ya nguo ileile, akamfuata inspekta kituoni kama mtu anayebeba mtoto.

Gari la kambi lilikuwa limeshafika. Driwaru alisimama kwenye mlango wa mahabusu, Hawah nyuma yake.

"Pisha," alisema Amandu.

"Mlalamikaji ana neno, sajenti."

Yakubu alionyesha mitali. "Hakuna mwizi. Haikutoka mikononi mwa nyumba yangu. Shauri naliondoa, na huyu mama nimemkosea."

Amandu aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Akaitazama mitali, akahesabu aibu ya familia yake mwenyewe kama jambo lingeendelea. "Nyinyi mnafanya harusi au mnacheza?" alisema, akaenda zake. Driwaru hakutoka mlangoni mpaka gari lilipopinda kona. Koplo Adrabo aliagizwa aichane ile taarifa yake, akaichana bila kuinua macho.

Sadiya alikuwa akiwasubiri uani, amejifunika shuka yake mwenyewe. Hawah alipoingia, alipiga magoti, akamwomba radhi kwa sauti ambayo hata Filda aliisikia.

"Nguo yangu utaifua wewe," alisema Hawah.

"Hina haitoki, dada."

"Najua haitoki. Basi utaninunulia mpya. Inuka, unaharibu hina ya watu."

Wanawake wakacheka. Ngoma ikarudi, taratibu.

Ndipo Sadiya akamgeukia baba yake, ambaye bado alikuwa ameshika kile kifurushi.

"Baba, kesho nivishe mitali mwenyewe, mbele ya watu wote, haboba aheshimiwe. Sitaona haya. Ila Jumatatu niruhusu niivue, nivae hiyo uliyoishika. Utaniruhusu?"

Mzee Yakubu aliitazama ile yunifomu. Kola yake ilikuwa imekunjamana kwa uzito wa fedha. Akaanza kuinyoosha kwa kidole gumba, polepole, kutoka upande mmoja mpaka mwingine, kama mtu anayeiandaa kwa Jumatatu.